Swali lako limekaa upande gani wa dirisha?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina shahada ya kwanza ya sosholojia na mwaka huu natimiza miaka saba katika ofisi ya umma inayotoa leseni za biashara. Nakaa dirishani, napokea maombi. Tulianza kutumia mfumo wa maombi wa mtandaoni miaka mitatu iliyopita, ingawa watu bado wanajaa na sisi bado tunawadai nakala za karatasi. Nimeruhusiwa kwenda kusoma uzamili. Mkuu wangu wa kazi anasema nichukue Utawala wa Umma kwa kuwa ndiko vyeo vilipo, lakini moyo wangu uko kwenye sosholojia. Tena chuo kinataka muhtasari wa utafiti. Nimepeleka wenye kichwa "Athari za Teknolojia ya Habari katika Utoaji wa Huduma kwa Umma" na umerudishwa mara mbili, mara zote naambiwa ni mpana mno. Nimeukata kutoka kurasa kumi hadi tano, bado. Nichague ipi, na huu muhtasari niufanyeje?

Jibu: Marahaba. Umeuliza mambo mawili, lakini nilipoisoma barua yako mara ya pili niliona ni jambo moja. Muhtasari unarudishwa kwa sababu hauna swali ndani yake, na kwa kuwa hauna swali, huna kitu cha kukuelekeza mlango wa idara ipi ugonge. Kwa hiyo tuanze na muhtasari. Habari ya vyeo tutaifikia.

Kukata kurasa hakupunguzi upana, kama vile kuukunja mkeka hakuufanyi uwe mdogo. Upana wako uko kwenye neno la kwanza kabisa la kichwa: "athari". Wanafunzi hulipenda neno hili kwa sababu linasikika kisomi, na nadhani kwenye rundo la mihtasari inayopita mezani kwangu ndilo linaloongoza. Nalo ni zito kuliko linavyoonekana. Anayesema teknolojia imeleta athari fulani anadai kwamba bila teknolojia hiyo mambo yangekuwa vingine, na ni lazima atuonyeshe hayo "vingine". Alinganishe kabla na baada, au ofisi iliyopata mfumo na ofisi iliyokosa, kisha athibitishe kuwa tofauti haikuletwa na mkuu mpya, ada zilizopunguzwa au watumishi walioongezwa. Inawezekana, wapo wanaoifanya kazi hiyo na ni kazi ya heshima. Lakini mtu mwenye miezi michache ya kukusanya data na hojaji ya "nakubali sana, nakubali, sina hakika" haiwezi. Anachokipata ni maoni ya watu kuhusu athari, kisha anayaandika kwenye hitimisho kana kwamba ndiyo athari zenyewe. Mtahini wa nje akiwa macho, hapo ndipo utetezi wa tasnifu unapoanza kuwa mrefu.

Sasa rudi kwenye sentensi uliyoiandika katikati ya barua kama mtu anayetaja hali ya hewa: watu bado wanajaa, na sisi bado tunawadai nakala za karatasi. Ndugu yangu, utafiti wako ni huo. Mfumo uliletwa ili karatasi iondoke. Miaka mitatu baadaye karatasi ipo, na anayeidai ni yuleyule aliyepewa mfumo na kufundishwa kuutumia. Kwa nini watumishi wa dirishani wanaendelea kudai nakala za karatasi za maombi ambayo tayari yamo kwenye mfumo? Swali hilo lina mstari mmoja na nusu, na huwezi kulijibu kwa kukaa maktaba peke yake wala kwa kukisia.

Litazame kwa karibu, maana utamu wake uko kwenye majibu yanayoshindana. Inawezekana ni hofu ya ukaguzi. Mkaguzi akija haulizi skrini, anauliza faili. Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani ambaye maandishi yake makuu kuhusu urasimu yalichapishwa 1922, miaka miwili baada ya kifo chake, alieleza kwamba ofisi ya kisasa imesimama juu ya maandishi yanayotunzwa. Faili ndilo kumbukumbu ya ofisi, na kwa mtumishi mdogo ni ngao pia. Kama sababu ni hiyo, basi nakala zitadaiwa zaidi kwa aina zile za leseni ambazo ukaguzi huzifuatilia zaidi, na ukifungua kabati utazikuta zimepangwa kwa tarehe.

Inawezekana pia mfumo hukatika, na aliyewahi kuumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hapo utaona madai ya karatasi yanapanda baada ya siku ambazo mfumo ulilala, kisha yanashuka polepole.

Au nakala ni chujio la foleni. Michael Lipsky, mwanasayansi wa siasa wa Marekani, aliandika 1980 kuhusu watumishi wanaokutana na wananchi uso kwa uso: polisi, walimu, maofisa wa ustawi wa jamii. Hoja yake ni kwamba sera haiishi kwenye waraka wa wizara. Inakamilishwa na mtumishi yule mwenye kazi nyingi kuliko saa alizo nazo, ambaye kila siku hubuni njia ndogondogo za kuugawa muda wake haba. Ukimwambia mtu "kalete nakala mbili zilizogongwa mhuri", foleni imepungua mtu mmoja kwa saa nzima, na wewe hujavunja kanuni yoyote. Kama sababu ni hii, madai yatapanda na urefu wa foleni: Jumatatu asubuhi kila mtu anaambiwa akalete nakala, Ijumaa mchana hakuna anayeulizwa.

Na ya nne tuiseme bila kuumauma maneno. Anayezungushwa huchoka, na aliyechoka hutoa chochote ili amalizane na jambo lake. Kama sababu ni hii, kutakuwa na nakala nyingi zilizodaiwa ambazo hazimo kwenye faili lolote, kwa kuwa hazikuhitajika tangu mwanzo.

Kila maelezo yameacha alama yake duniani, na alama hizo hazifanani. Utafiti wako ni kwenda kutazama ni alama ipi iliyopo, au ni zipi mbili zinazokwenda pamoja. Huko ndiko nadharia inakofanya kazi. Wanafunzi wengi huibandika sura ya nadharia kama stempu kwenye bahasha: kurasa nane za Weber, kisha Weber hasikiki tena hadi mwisho. Nilifanya hivyo hivyo nilipokuwa mwanafunzi. Msimamizi wangu alinirudishia sura nzima ikiwa na maneno mawili tu ya penseli pembeni mwa kila ukurasa: "Kwa hiyo?" Nilikasirika wiki mbili. Leo nawaandikia wanafunzi wangu maneno hayohayo, na naona nao wanakasirika.

Usione haya kwamba swali lako ni dogo. Herbert Simon, msomi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alianza akiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwa kutazama viwanja vya michezo ya watoto mjini Milwaukee alikozaliwa. Ilikuwa 1935. Idara moja ilihusika na matunzo ya viwanja, nyingine na kuwalipa wasimamizi wa michezo, na kila mwaka zilivutana kuhusu mgawanyo wa fedha. Vitabu vya uchumi alivyovisoma vilimwambia jinsi mgawanyo huo unavyopaswa kukokotolewa. Aliowakuta kazini hawakuwa wakikokotoa hivyo na hawakuwa na namna ya kukokotoa hivyo. Sasa watu huamuaje wakati hawawezi kujua yote? Swali hilo lilimshughulisha maisha yake yote, na hoja yake kwamba mtu hutafuta kinachotosha na kusimama hapo, badala ya kutafuta kilicho bora kuliko vyote, ilitoka humo. Elinor Ostrom naye, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alikuwa mwanasayansi wa siasa, na tasnifu yake ya uzamivu ya 1965 ilihusu maji ya chini ya ardhi katika eneo moja la kusini mwa California, ambako maji ya chumvi ya bahari yalikuwa yanaingia visimani na watumiaji wakalazimika kuelewana. Bonde moja la maji. Hakuandika "Athari za Ushirikiano katika Usimamizi wa Rasilimali".

Haya, tuje kwenye idara.

Utawala wa Umma kama taaluma una umri wa kueleweka. Wengi huihesabu tangu 1887, Woodrow Wilson alipochapisha makala akidai kwamba kuiendesha katiba kunazidi kuwa kugumu kuliko kuiandika, kwa hiyo uendeshaji unastahili kusomwa peke yake. Alikuwa mhadhiri wakati huo. Urais wa Marekani aliupata miaka mingi baadaye. Kizazi kilichomfuata kilitafuta kanuni. Mwaka 1937 Luther Gulick, mtaalamu wa utawala wa Marekani, aliorodhesha kazi saba za mtendaji mkuu: kupanga, kuunda mfumo wa kazi, kuajiri, kuongoza, kuratibu, kutoa taarifa na kubajeti. Orodha hiyo bado inakaririwa kwenye mitihani, na si mbaya kuijua. Lakini mwaka 1946 Simon, huyu wa viwanja vya michezo, aliandika makala kali akisema kanuni hizo ni methali tu. Sisi watu wa methali tunamwelewa haraka kuliko wasomaji wake wa kwanza. Mwenye haraka utamwambia haraka haraka haina baraka. Anayesitasita utamwambia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Zote mbili ni kweli na hakuna inayokuambia leo uende mwendo gani. Ndivyo zilivyokuwa kanuni za utawala: mkuu asimamie watu wachache ili awamudu, na wakati huohuo ngazi za uongozi ziwe chache ili maamuzi yasikawie. Ofisi yenye watu wengi haiwezi kuzitii zote mbili. Tangu hapo, idara nzuri ya Utawala wa Umma imekuwa ile inayofundisha kupima, na idara dhaifu imebaki na kukaririsha methali. Hilo uliangalie unapochagua chuo, maana jina mlangoni ni lilelile.

Kuna tofauti nyingine ambayo matangazo ya vyuo hayaiweki wazi. Taaluma hii ilizaliwa ikiwa na miguu miwili, mmoja wa kufunza watendaji na mmoja wa kuchunguza utendaji. Skuli ya Maxwell ya Chuo Kikuu cha Syracuse nchini Marekani, iliyofunguliwa 1924, ilikusudia tangu mwanzo kuwaandaa watu wa kazi. Ufaransa ilianzisha ENA, yaani Shule ya Taifa ya Utawala, mwaka 1945 kwa ajili ya kufunza maofisa wa juu wa dola, na ilipoonekana imekuwa kikundi cha wateule wachache ilifungwa na mahali pake pakachukuliwa na taasisi mpya kuanzia 2022. Hadi leo shahada ya uzamili ya Utawala wa Umma inaweza kuwa moja ya hizo mbili. Moja ina kozi za bajeti, manunuzi, rasilimali watu na uongozi, kisha mradi mfupi au mtihani wa mwisho. Nyingine ina kozi chache na tasnifu kubwa. Mtu anayetaka kwenda uzamivu baadaye akichukua ya kwanza bila kujua, atakuja kuambiwa hana uzoefu wa utafiti, nayo miaka imeshapita. Usiulize jina la shahada, uliza tasnifu ina uzito gani ndani yake. Katika nchi zilizofuata makubaliano ya Bologna ya 1999, yale ya kuoanisha shahada za vyuo vya Ulaya, unaweza kuusoma uzito huo moja kwa moja, kwa kuwa kazi ya mwaka mzima huhesabiwa krediti 60 na utaona tasnifu imepewa ngapi kati ya hizo. Kwingineko omba muongozo wa programu uuone kwa macho yako.

Sosholojia na sayansi nyingine za jamii zinaweza kulisoma dirisha lako lilelile. Wanachotofautiana ni mahali pa kusimama. Ukisimama ndani ya dirisha ukatazama watumishi, kanuni zao, hofu zao, mgawanyo wa kazi na namna amri ya wizara inavyobadilika sura kabla ya kumfikia mwananchi, uko kwenye Utawala wa Umma. Ukisimama nje, kwenye benchi, swali linageuka. Ni akina nani hao wanaojaa wakati wangeweza kuomba kwa simu? Kwa nini mtu mwenye simu nzuri mkononi anamlipa kishoka aliyekaa nje ya geti amjazie fomu? Je, anamlipa kwa sababu hajui, au kwa sababu anaamini kishoka ana mtu ndani? Nani humfundisha nani namna ya kuongea na ofisa? Hayo ni maswali ya imani, mitandao ya watu, tabaka, na maana ambazo watu hulipatia jambo. Mwanasosholojia hulala nayo akaamka nayo, wakati idara ya Utawala wa Umma itakupa msimamizi atakayekuuliza kila mara, "sasa unapendekeza ofisi ifanye nini?"

Kwa hiyo nakurudishia swali lako: usiku, ukiwa umechoka, unachokifikiria ni mwenzako wa dirisha la pili au ni mama aliyerudishwa mara tatu? Jibu la kweli la swali hilo ndilo litakalokustahimilisha mwezi wa kumi na nne, wakati data imekataa kukaa sawa na rafiki zako wameacha kukuuliza umefikia wapi.

Kwa barua uliyoandika, mimi naegemea Utawala wa Umma wenye tasnifu kubwa, ukichukua kozi za hiari mbili au tatu kutoka sosholojia, hasa ya mbinu za utafiti wa maelezo. Sisemi hivyo kwa ajili ya mkuu wako. Nasema kwa sababu katika barua nzima neno "sisi" limekaa upande wa ndani: "sisi bado tunawadai". Mwenye kuandika hivyo ana swali la ndani, na ana sosholojia ya kutosha ya kumzuia asigeuke karani wa kanuni. Lakini kama umesoma aya iliyotangulia ukasikia yule kishoka wa getini ndiye anakuita, nenda sosholojia na usirudi nyuma.

Kuhusu vyeo, hapa nitakuwa mfupi. Usichukue neno la mkuu wala neno langu. Utumishi wa umma karibu kila mahali una muundo ulioandikwa unaosema kada fulani inapandishwa kwa sifa zipi. Utafute waraka wenyewe, usome sehemu ya kada yako. Mara nyingi utakuta umeandikwa "au fani inayofanana nayo", na maneno hayo yanaimaliza hoja ya mkuu. Wakati mwingine utakuta hayapo, na hapo ana haki. Ni heri ulijue hilo kabla ya kulipa ada.

Sasa kazi yenyewe. Utakuwa unachunguza ofisi uliyomo, na jambo hilo ni baraka na mtego kwa pamoja. Unajua mambo ambayo mgeni angehitaji mwaka kuyajua: kwamba mhuri wa bluu na mhuri mwekundu si kitu kimoja, kwamba saa nane mchana mfumo huwa mzito. Lakini wenzako wanakujua pia. Leo ni mwenzao, kesho unakuja na daftari. Wakikwambia kitu wakati wa chai, ni cha mwenzao au cha mtafiti? Kamati ya maadili itakuuliza hilo, na usipojiandaa itaurudisha muhtasari kwa mara ya tatu. Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu ni nyepesi kuisema: usichoambiwa ukiwa mtafiti, si data. Mtu akitaka kukieleza, mpe fomu ya ridhaa, mwambie anaweza kukataa na hakuna kitakachompata, na umaanishe. Hapo ndipo penye ugumu kama una cheo juu yake. Waliopo chini yako usiwahoji kabisa. Tafuta ofisi ya pili yenye kazi kama yenu, usikojulikana, ufanye nusu ya utafiti huko. Utapata na ulinganisho humohumo: ofisi inayokaguliwa mara kwa mara na isiyokaguliwa, au yenye foleni ndefu na yenye foleni fupi. Ulinganisho mmoja uliochaguliwa kwa akili unazidi hojaji mia nne.

Nimetaja mia nne makusudi. Utakutana na jedwali la ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la 1970, ambalo kila mwanafunzi huliweka kwenye sura ya tatu: idadi ya watu 1,000, sampuli 278, basi. Jedwali halina kosa, ila lilitengenezwa kwa anayetaka kukadiria uwiano katika kundi kubwa kwa kuchagua watu kwa bahati nasibu. Wewe una watumishi wachache wa dirishani na unataka kujua kwa nini. Wahoji wote walioridhia, ndani ya kazi zao, polepole. Hesabu ifanyie kwenye mafaili: chukua la kumi, la ishirini, la thelathini hadi yafike mia mbili, uhesabu ni mangapi yana nakala na ni ya leseni gani. Ukiyaweka hayo mawili pamoja, mahojiano yanakuambia watu wanasema nini na mafaili yanakuambia walifanya nini. Pengo kati ya hayo mawili ndilo litakalokupa sura bora kuliko zote.

Mtu atakuuliza kwenye utetezi kwa nini tujali karatasi mbili. Mpe hesabu. Jeffrey Pressman na Aaron Wildavsky, wanasayansi wa siasa wa Marekani, walifuatilia mradi wa ajira ulioanza 1966 mjini Oakland kwa fedha za serikali kuu ya Marekani, na matokeo yao yalitoka 1973. Hakukuwa na adui wa mradi ule. Karibu kila aliyehusika aliutaka. Lakini walipohesabu makubaliano yaliyopaswa kupatikana kwa wadau mbalimbali njiani, yalifika 70. Fanya hesabu mwenyewe: kila kibali kikiwa na uwezekano wa 99 kwa 100 wa kupita, uwezekano wa vyote 70 kupita haufiki nusu. Ukiwa 95 kwa 100, haufiki hata 3 kwa 100. Kila nakala inayodaiwa dirishani kwako ni kibali kimoja zaidi kwa mtu anayetaka kufungua kibanda. Mwenye swali baada ya hapo atauliza kingine.

Msimamizi mtafute kabla ya kutuma maombi, kama chuo kinaruhusu. Usimwandikie "naomba unisimamie". Mwandikie aya moja yenye swali lako, aya ya pili yenye maelezo manne yanayoshindana, na umwambie ni makala gani yake uliyoisoma na imekusaidia wapi. Akikujibu kwa kukuuliza swali gumu, umempata. Akikujibu "mada nzuri, endelea", mshukuru, kisha mwandikie mwingine. Mwenye jina kubwa si lazima awe bora. Wapo wenye majina ambao huwaoni hadi siku ya kusaini. Waulize wanafunzi anaowasimamia sasa wanapokea maoni baada ya wiki ngapi. Wanafunzi hawafichi hilo.

Umesema ruhusa umeshaipata, lakini hukusema ni ya kuondoka kazini au ya kusoma jioni. Kama ni ya jioni, ongeza nusu ya muda unaoudhania, na usianze kozi tatu kwa pamoja muhula wa kwanza. Zaidi ya hilo sina la kuongeza. Watu hufaulu kwa njia zote mbili.

Kichwa kipya cha muhtasari usikihangaikie sasa. Kwanza chukua siku moja ya likizo, nenda ile ofisi ya pili usikojulikana, ukae kwenye benchi la wateja tangu kufunguliwa hadi kufungwa. Usiandike jina la mtu wala usipige picha. Hesabu tu: wangapi wamefika dirishani, wangapi wamerudishwa kuleta karatasi, na saa ngapi. Ukirudi nyumbani, kabla hujala, andika kurasa mbili za ulichokiona na mahali ulipostaajabu. Nitumie kurasa hizo.